Clement Gillman: Mhandisi Aliyeijenga Reli ya Kati, Kisha Akaiandikia Historia Yake

Na Mwandishi Wetu, Gungu – Kigoma

Kwa zaidi ya karne moja Kigoma imeitwa mwisho wa reli. Jina hilo hutajwa nchi nzima, mara nyingine kwa fahari na mara nyingine kwa utani wa mtu anayetaka kusema kwamba ni mbali. Mkazi wa Gungu, mojawapo ya kata za Manispaa ya Kigoma Ujiji, hahitaji kuelezwa maana yake. Treni ikifika bandarini hapa haina pa kwenda tena. Mbele ni maji ya Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya maji ni milima ya Kongo.

Hali hiyo sasa inabadilika. Tarehe 20 Desemba 2022 Shirika la Reli Tanzania lilitia saini mkataba wa ujenzi wa reli ya kisasa ya SGR kutoka Tabora hadi Kigoma, yenye urefu wa kilomita 506 pamoja na njia za kupishania, na kampuni mbili za China zikapewa kazi hiyo. Kipande kingine kimepangwa kuanzia Uvinza kwenda Burundi. Reli mpya itafika mahali palepale ilipofika reli ya zamani Februari 1914. Kwa sababu hiyo ni vema wananchi wakaijua hiyo ya zamani ilijengwaje, nani waliijenga, na nini kati ya mabaki yake kinastahili kutunzwa kabla nafasi haijapita.

Kati ya watu wote waliohusika na Reli ya Kati tangu mwanzo wake, mmoja anasimama peke yake kwa jambo moja: alikuwapo wakati inajengwa chini ya Wajerumani, akaisimamia chini ya Waingereza, kisha akakaa chini akaandika historia yake. Huyo ni Clement Gillman. Watanzania wengi wamelisikia jina lake bila kujua lilitoka wapi, kwa kuwa limewekwa kwenye ukingo wa kreta ya Kibo katika Mlima Kilimanjaro, mita 5,685 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo wapandaji wa njia ya Marangu hufika kabla ya kuendelea kwenda kilele cha Uhuru. Wengi huishia hapo kwa uchovu na kurudi. Hata hivyo kazi yake kubwa haikuwa mlimani.

Gillman alizaliwa mwaka 1882 mjini Madrid, Hispania. Baba yake alikuwa Mwingereza na mama yake Mjerumani. Alisoma Ujerumani, kisha akasomea uhandisi mjini Zurich, Uswisi. Mchanganyiko huo wa asili, ambao katika Ulaya ya wakati ule haukuwa jambo la ajabu sana, ulikuja kuwa na maana kubwa katika maisha yake Afrika Mashariki, kwa sababu aliishi katika nchi iliyopita kutoka mikono ya taifa la mama yake kwenda mikono ya taifa la baba yake.

Alifika Dar es Salaam mwaka 1905 akiwa kijana wa miaka 22, mwajiriwa wa kampuni ya ujenzi ya Philipp Holzmann ya Frankfurt. Kampuni hiyo ndiyo iliyopewa kazi ya kujenga reli kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Kazi ilizinduliwa rasmi Februari 1905 na mwana wa mfalme wa Ujerumani, Adalbert. Miezi mitano baadaye, Julai mwaka huohuo, Vita vya Majimaji vililipuka kusini mwa nchi. Kwa hiyo reli yetu ya kati na vita vikubwa kuliko vyote vya kupinga utawala wa Kijerumani vilianza ndani ya mwaka mmoja, na mhandisi huyo kijana aliingia nchini katikati ya mambo hayo mawili.

Haikuwa reli ya kwanza katika eneo hili. Unguja, Sultani Barghash bin Said, aliyefariki mwaka 1888, alikuwa tayari amejitengenezea kijireli cha kutoka mjini kwenda kasri yake ya Chukwani. Mwanzoni mabehewa yake yalivutwa na nyumbu, kisha ikaletwa injini ndogo ya mvuke. Baadaye, mwaka 1905, Wamarekani walifungua reli ya mvuke ya kutoka mjini Unguja hadi Bububu, iliyopita kwenye vichochoro karibu na milango ya nyumba za watu. Bara, reli ya kutoka Tanga ilianza mwaka 1893. Kampuni iliyoianzisha iliishiwa fedha mapema. Mwaka 1896 ilikuwa imefika Muheza tu, kilomita 40 hivi kutoka pwani, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuichukua mwaka 1899. Ilifika Moshi mwaka 1911, miaka 18 baada ya kuanza. Vijireli vya Unguja vimetoweka, na leo mtu hupita Bububu bila kujua kwamba treni ilikuwa ikipita hapo.

Reli ya Kati ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Upana wake ulikuwa mita moja, sawa na ile ya Tanga, lakini urefu wake wote hadi ziwani ulikaribia kilomita 1,250. Ilifika Morogoro mwaka 1907. Hapo palizuka mabishano makali kuhusu hatua ya pili. Walowezi wa Kizungu walitaka fedha ziende kaskazini, kwenye mashamba yao ya Usambara na Kilimanjaro. Gavana Albrecht von Rechenberg, aliyefahamu Kiswahili na aliyekuwa amewahi kuwa konseli Zanzibar, alitaka reli iende magharibi, Unyamwezi, kwa hoja kwamba huko ndiko kuliko na wakulima Waafrika wengi ambao mazao yao yangelipia gharama za reli. Hoja yake ilishinda. Mwaka 1908 bunge la Ujerumani liliidhinisha njia hadi Tabora, na baadaye kidogo kipande cha mwisho hadi Kigoma.

Huko porini hoja hizo hazikusaidia kitu. Kulikuwa na kazi. Baada ya Morogoro reli inafuata bonde la Mkondoa kupitia Kilosa kuelekea Gulwe, ambako mto hufurika ghafla na kuchukua tuta zima. Wajerumani walipambana na maji hayo, Waingereza wakapambana nayo, na sisi wenyewe tunakumbuka jinsi mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalivyokata njia eneo hilohilo na kuisimamisha kwa miezi. Baada ya Dodoma kuna ukame wa Ugogo. Baada ya Bahi reli inapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Saranda na Manyoni. Mataruma yaliwekwa ya chuma badala ya mbao, kwa sababu mchwa wangemaliza ya mbao kabla mkandarasi hajalipwa.

Injini za mvuke nazo zilikuwa na mahitaji yake. Zilikula kuni na kunywa maji. Kuni zilikatwa kwenye miombo kando ya njia, mwaka baada ya mwaka. Maji yalikuwa taabu zaidi. Injini ya mvuke isipopata maji baada ya umbali fulani husimama, hata kama makaa yake yamejaa na mzigo wake ni wa haraka kiasi gani. Mhandisi wa reli katika nchi kavu hulazimika kuwa mtafuta maji kwanza na mjenga reli baadaye. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, ufunguo wa maisha ya Gillman uko hapo. Mtu aliyeanza kwa kupima tuta na daraja aliishia kuwa mtaalamu wa maji, udongo na mimea, kwa kuwa reli yenyewe ilimfundisha kwamba visima vina uamuzi mkubwa kuliko chuma.

Lakini tuta halijengwi na mhandisi. Reli ya Kati ilijengwa na maelfu ya vibarua Waafrika, wengi wao Wanyamwezi, watu ambao baba zao na wao wenyewe walikuwa wapagazi wa misafara ya kutoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo. Kazi za udongo na mawe ziligawiwa kwa wakandarasi wadogo, wengi wao Wagiriki na Waitaliano, na chini yao wakawekwa vibarua. Kuna jambo zito la kulifikiri hapa. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyechimba tuta alikuwa anachimba mwisho wa kazi yake mwenyewe, kwa maana safari iliyochukua msafara takribani miezi mitatu ingechukua treni siku mbili au tatu. Wengi walikufa kwa maradhi na ajali. Majina ya wahandisi yamehifadhiwa. Ya vibarua hawa, isipokuwa machache, hayakuandikwa popote.

Tabora ilifikiwa mwaka 1912. Kutoka hapo njia ilielekea magharibi kupitia mabonde yenye maji mengi ya mfumo wa Mto Malagarasi, ikapita Uvinza, nchi ya chumvi ambayo watu wa eneo hili waliichemsha kutoka kwenye chemchemi karne nyingi kabla ya reli, kisha ikashuka kuelekea ziwani. Mwanzoni mwa Februari 1914 reli zikagusa ufuo wa Kigoma.

Wageni huuliza kwa nini Kigoma na si Ujiji. Wakati huo Ujiji ndio uliokuwa mji: soko la kale, misikiti, nyumba za Waswahili na Wamanyema, mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Kigoma ilikuwa kijiji. Lakini ufuo wa Ujiji uko wazi kwa upepo na maji yake ni ya kina kifupi, hali ghuba ya Kigoma ina kina kirefu na imekingwa na vilima. Mitumbwi na jahazi zilitosheka na Ujiji. Meli za chuma hazikuweza. Kwa uamuzi huo wa kiufundi, uzito wa biashara ulihama kilomita chache kwenda kaskazini-magharibi, na mji uliokuwa mkubwa kuliko yote ufukweni ukawa pembeni ya mwingine. Wazee wa Ujiji hawajalisahau jambo hilo, na hawana sababu ya kulisahau.

Utawala wa Kijerumani ulipanga maonyesho makubwa Dar es Salaam mwezi Agosti 1914 kusherehekea kukamilika kwa reli. Sherehe haikufanyika. Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwezi huohuo.

Mzigo mashuhuri kuliko wote uliowahi kupita kwenye reli hii ulisafirishwa wakati huo. Meli Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ilivunjwavunjwa vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa treni, ikaunganishwa upya hapa bandarini na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi baada ya kuzipaka mashine zake mafuta mazito. Iliinuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Bila reli isingefika. Na bila meli, reli ingebaki njia inayoishia kwenye maji.

Vita ilimkuta Gillman katikati: jina la Kiingereza, elimu na lugha ya Kijerumani, ajira katika reli ya Wajerumani. Mwaka 1916 majeshi ya Kijerumani yaliporudi nyuma yalilipua madaraja na kuharibu injini na mabehewa ya njia ambayo yeye na wenzake walikuwa wametumia miaka tisa kuijenga. Waingereza waliikarabati. Nchi ilipokuwa chini ya udhamini wao kwa jina la Tanganyika, walihitaji mtu aliyejua kilichofukiwa chini ya kila tuta. Gillman aliingia katika utumishi wa Reli za Tanganyika, akapanda hadi kuwa Mhandisi Mkuu.

Kipindi hicho kilikuwa na ujenzi mwingi. Njia ya Tabora hadi Mwanza ilifunguliwa mwaka 1928. Ya Moshi ikaendelezwa hadi Arusha mwaka 1929. Njia ya tawi kutoka Manyoni kuelekea Singida ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikashindwa kujilipa, na reli zake ziking'olewa katika miaka ya 1940. Gillman mwenyewe aliongoza upimaji wa njia ya kufungua kusini-magharibi mwa nchi kuelekea mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, na ripoti yake ikatolewa mwaka 1929. Mdororo wa uchumi wa dunia ulianza mwaka huohuo na ripoti ikawekwa kabatini. Nyanda hizo zilisubiri hadi 1970, wakati Tanzania, Zambia na China zilipoanza kujenga TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975. TAZARA haikufuata mstari wake hatua kwa hatua, lakini swali alilolipima ni lilelile.

Katika miaka hiyo alitembea sana, na kwa miguu. Mwaka 1921 alipanda Kilimanjaro hadi ukingo wa kreta, na maelezo ya safari hiyo yakachapishwa katika jarida la kijiografia la London. Shajara yake, aliyoanza kuiandika alipofika nchini mwaka 1905, aliiendeleza hadi mwisho wa maisha yake. Sasa imehifadhiwa Oxford, Uingereza, na wanahistoria wa Tanganyika wameitumia sana kwa kuwa ndani yake mna mambo ambayo ripoti za serikali hazikuyasema.

Kazi yake iliyojadiliwa zaidi si reli bali ramani. Mwaka 1936 alichapisha ramani ya mtawanyiko wa watu wa Tanganyika. Hesabu zake zilionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu waliishi kwenye sehemu moja ya kumi ya ardhi, yaani pale penye maji ya kudumu: pembezoni mwa nchi, milimani na kando ya maziwa makuu. Katikati palikuwa na eneo kubwa sana lisilo na watu, lililotawaliwa na miombo na mbung'o. Reli ya Kati ilipita humohumo katikati.

Mwananchi anayejiuliza kwa nini reli hiyo haikuleta faida iliyotarajiwa na Rechenberg anaweza kuanzia kwenye ramani hiyo. Treni ilisafiri mamia ya kilomita bila kukuta mzigo wa maana, ikibeba kuni zake yenyewe na maji yake yenyewe. Ilikuwa reli ndefu inayounganisha ncha mbili zenye watu kupitia pori. Ni jambo la kutia heshima kwamba mtu aliyetumia ujana wake kuijenga ndiye aliyelionyesha hilo kwa takwimu.

Hata hivyo ramani hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Gillman aliona maji, udongo na mbung'o. Hakutazama sana historia iliyowaondoa watu. Wanahistoria wa baadaye, akiwamo Helge Kjekshus, wameeleza jinsi sotoka iliyoua ng'ombe katika miaka ya 1890, njaa, vita vya kikoloni na utwaaji wa vibarua vilivyovunja makazi na kuruhusu pori na mbung'o kurudi. Sehemu ya utupu alioupima ilikuwa mpya. Mkoa wa Kigoma unalijua hili kuliko wengine. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Buha na kuwakusanya kwenye makazi maalumu kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na ardhi waliyoiacha ikageuka pori. Vijana wa Kiha nao walipanda treni hapa mwisho wa reli kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro kama manamba, kwa mikataba ya miezi mingi, mbali na mashamba yao. Kwa Kigoma, mzigo mkuu wa reli kwenda pwani kwa muda mrefu ulikuwa nguvu kazi.

Alipoondoka katika utumishi wa reli mwishoni mwa miaka ya 1930, Gillman aliajiriwa na Serikali kuwa mshauri wa masuala ya maji. Halafu akaandika. Mwaka 1942 alichapisha historia fupi ya Reli za Tanganyika katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1945 historia ya ukuaji wa Dar es Salaam kuanzia 1860 hadi 1940. Historia ya reli ndiyo iliyobaki msingi wa kila kilichoandikwa baadaye kuhusu jambo hilo. Nguvu yake ni kwamba mwandishi alikuwepo. Udhaifu wake ni uleule: ameitazama reli kutoka kwenye meza ya mchora ramani, na mtu aliyebeba taruma begani amebaki kivuli. Gillman alifariki mwaka 1946, na ramani yake ya mimea ya Tanganyika ilichapishwa mwaka 1949 baada ya kifo chake.

Miaka miwili baada ya kifo hicho, Reli za Tanganyika ziliunganishwa na za Kenya na Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na sehemu yake, na Tanzania ikaunda Shirika lake la Reli. Injini za mvuke zilitoweka hatua kwa hatua na nafasi yake kuchukuliwa na dizeli. Nyingi ziliuzwa kama chuma chakavu.

Kuna tofauti inayojionyesha hapa. Nairobi ilifungua makumbusho ya reli mwaka 1971, wakati Jumuiya bado ipo. Ndani yake imo injini kubwa ya mvuke ya miaka ya 1950 ya aina ya Garratt, namba 6006, iliyopewa jina la Sir Harold MacMichael, Gavana wa Tanganyika kuanzia 1934 hadi 1938. Gavana huyo alitawala hapa katika siku za Gillman, na jina lake linasomwa na wanafunzi wa Kenya wanaotembelea makumbusho hayo.

Kwa upande wetu, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaweka mwaka 1863 kuwa mpaka. Kilichotengenezwa kabla ya hapo kinalindwa moja kwa moja. Kilichokuja baadaye kinahitaji tamko la Waziri mwenye dhamana lililochapishwa katika Gazeti la Serikali. Reli ya Kati yote, kuanzia kilomita ya kwanza Dar es Salaam hadi ya mwisho Kigoma, imekuja baada ya mpaka huo. Jengo la stesheni, nyumba za wafanyakazi, matangi ya maji ya injini za mvuke, madaraja ya chuma na mataruma yenye chapa za viwanda vya Ujerumani havina ulinzi wa sheria hiyo kwa sababu ya umri peke yake. Ulinzi huja pale mamlaka za wilaya, manispaa na Shirika la Reli zinapokiorodhesha kitu na kukiombea tamko, na wananchi wanaweza kuanzisha ombi hilo kupitia ofisi zao za kata na ofisa utamaduni wa halmashauri.

Reli mpya ina njia yake, na ya zamani ya upana wa mita moja bado inafanya kazi ya mizigo na abiria. Hilo ni jambo la bahati, kwa kuwa kitu kinachotumika hutunzwa kwa urahisi kuliko kilichoachwa. Kinachotoweka kwanza ni vile visivyohitajika tena. Tangi la maji ambalo hakuna injini inayokunywa kwake. Mzani wa zamani kwenye ghala la mizigo. Vibao vya majina ya stesheni ndogo kati ya Uvinza na Kigoma. Vitabu vya mahudhurio vyenye majina ya vibarua wa miaka ya 1920 na 1930, pale vilipobaki. Vitabu hivi vya mwisho vina thamani ya pekee, kwa sababu vinaweza kutoa kile ambacho historia ya Gillman ya mwaka 1942 haikukitoa.

Familia nyingi za Kigoma, Ujiji na Gungu zina babu au baba aliyekuwa mchochea kuni, mpiga kengele, fundi njia au kuli wa bandarini. Picha, vyeti vya utumishi, taa za ishara na filimbi bado zimo kwenye masanduku ya nyumbani. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa hupokea nyaraka za watu binafsi zenye thamani ya kihistoria, na Makumbusho ya Taifa hupokea vifaa. Anayetaka kuvikabidhi, au kuruhusu vinakiliwe kisha arudishiwe, anaweza kuanza kwa kuuliza ofisi ya utamaduni ya Manispaa ya Kigoma Ujiji.